Risala Kuhusu Nahodha wa Ghorofa ya Pili

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, shikamoo. Wakuu wa idara, habari za asubuhi. Na nyie mliokwishavaa bukta na mnatetemeka huko nyuma, vumilieni, tutakuwa wafupi.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa jengo hili tunakushukuru kwa kushuka ngazi zote nne kwa miguu, maana lifti yetu tunaijua. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu yote mizima. Tafadhali usibadilishane na jirani.

TULIKOTOKA

Mashindano haya ya mpira wa wavu kati ya idara yana miaka sita. Zamani ratiba tuliipanga kwa vikaratasi ndani ya birika la chai. Mwaka juzi Madereva walikilowesha chao kidogo ili mwenzao anayechagua akijue kwa kupapasa, wakapata wapinzani laini mpaka nusu fainali. Mwaka jana kila idara ikashuku kikaratasi cha mwenzake, watu wakanuniana hadi mwezi ukaisha.

Ndiyo maana safari hii tumetumia tovuti ya kupangia mashindano. Unaandika timu, yenyewe inachanganya, inapanga, inamtumia kila nahodha taarifa. Haina shemeji katika idara yoyote.

TULIYOFANIKIWA

Timu nane zimejiandikisha. Mechi sita zimechezwa hapa kwenye maegesho. Kimevunjika kioo kimoja tu cha gari, na mwenye gari ndiye aliyepiga mpira.

Tatizo lilikuwa moja: tovuti inataka kila nahodha awe na anwani ya barua pepe ya ofisi. Wafanya usafi, tarishi na mlinzi wameletwa na kampuni ya nje, kwa hiyo hawana. Akaja Mama Deki, kiongozi wa wafanya usafi, mwaka wa kumi na moja huu kwenye korido zetu, na majina sita nyuma ya boksi la sabuni.

"Wanangu, na sisi tumo?"

"Mama, una anwani ya ofisi?"

"Anwani yangu si hii korido? Mnanikuta wapi kila siku?"

Mmoja wetu, hatumtaji, ndiye anayesoma, akakumbuka kwamba printa ya ghorofa ya pili ina anwani yake ya barua pepe ya ofisi, na kila kinachotumwa huko inakichapisha yenyewe. Tukaiandikisha printa kuwa nahodha. Tovuti ikakubali bila kuuliza. Tukajua mzaha utaishia raundi ya kwanza.

Hatukujua mkono uliokamua tambara la deki miaka yote hiyo, ukipiga sevu ya kuanzisha mpira, unafanya nini. Masijala wakatoka. Madereva wakatoka, wakavu kabisa.

Na kila taarifa ilichapishwa nakala ishirini, kwa sababu printa ile hakuna anayejua kuizuia. Mwanasheria wetu alipeleka barua kali nje ya ofisi, katikati ina ukurasa unaosema, "Hongera nahodha, mmeingia nusu fainali." Waliopelekewa wamejibu kwa pongezi.

KILICHOTUKWAMISHA

Jana mchana Idara ya Utumishi iliweka pingamizi. Utumishi ndio wanaotunza orodha ya wafanyakazi. Utumishi ndio pia wanaocheza fainali leo na timu ya Printa. Hatusemi neno, tunapanga tu sentensi hizo mbili jirani.

Mkuu wao alisema mbele yetu, "Printa si mtumishi. Na hao wengine hawamo kwenye orodha yangu."

Mama Deki akamjibu taratibu, "Mwanangu, ufunguo wa ofisi yako ninao mimi. Halafu orodhani simo?"

Mkuu alirudi ofisini kwake. Pingamizi hakuliondoa.

Mgeni rasmi, ujanja wa printa ni wetu. Kama kuna adhabu, ituangukie sisi. Mama hakujua chochote mpaka karatasi ya kwanza ilipotoka. Aliisoma mara mbili, akauliza, "Nani kaniita Printa?" Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akaikunja, akaiweka mfukoni mwa gwanda lake la kazi. Ipo humo mpaka leo. Katika miaka kumi na moja, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya ofisi hii iliyoandikwa kwa ajili yake. Nyingine zote alikuwa anaziokota.

TUNACHOOMBA

Tovuti imesimamisha fainali mpaka msimamizi mkuu aamue. Asipoamua kabla ya saa nne kamili, kombe linakwenda kwa aliyelalamika. Msimamizi mkuu ni wewe. Utusamehe, tulikuandikisha siku ya kwanza bila kukuuliza, kwa sababu tovuti ilitaka mtu mwenye cheo na kwetu hakuna. Ile simu iliyotetemeka mfukoni ukiwa kwenye ngazi ndiyo hiyo. Kuna kitufe chekundu na cha kijani.

Tunaomba pia, washinde wasishinde, hawa sita wapewe anwani zao. Printa ina kazi zake.

Na wavu tumeuazima shule ya jirani, unarudi saa kumi.

Sasa ni saa nne kasoro dakika sita. Mama Deki yuko kwenye mstari wa nyuma, mpira mkononi, gwanda juu ya bukta. Amesema halivui mpaka aambiwe anacheza.

Mungu akupe afya, macho ya karibu na ya mbali, na kidole chepesi. Amina.

Ni sisi: Kamati ya Mashindano, wafanyakazi wa ghorofa zote nne, waliomo orodhani na wasiokuwamo, pamoja na Printa ya Ghorofa ya Pili, iliyochapisha risala hii, nakala ishirini.