Mwalimu Nyamweya na Matumbawe ya Kapkatet

"Mtoto wa Kapkatet hana haja na matumbawe. Bahari hataiona, na chai haioti majini." Ndivyo anavyosema mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, Mzee Johana Chepyegon. Anataka birika la maji ya chumvi, ambamo Mwalimu Kepher Nyamweya hufuga matumbawe, ligeuzwe hori la ng'ombe mara tu mwenyewe atakapostaafu, tarehe 6 Desemba 1957, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kufundisha hapa. Mzee amekosea. Tena ana sababu zake.

Mwalimu alijenga birika hilo mwaka 1951, aliporudi kutoka Mombasa na kipande cha tumbawe hai ndani ya debe la maji ya bahari. Alilipakata debe kwenye treni hadi stesheni ya Lumbwa, akalivika koti lake, yeye akatetemeka. Tumbawe hujengwa na vijidudu vinavyobagua makao kweli kweli: vinataka maji ya chumvi, ya uvuguvugu, maangavu, yenye jua. Sisi tunavyo baridi, tope jekundu na mvua ya kila alasiri. Kipande kile kilikufa upesi.

Mwalimu hakununa. Kila likizo alileta kingine, na watoto wakatafuta kilichokiua cha kwanza. Walijenga paa, kivuli kikazuia jua. Wakaondoa paa, mvua ikazimua chumvi. Wakapasha maji moto jikoni, wakapata supu.

Mwaka 1954 walikaribia kufaulu. Ndipo ng'ombe wa Mzee Johana, waliozoea kupelekwa kulamba udongo wa chumvi, waliponusa birika, wakavunja ua na kuinywa bahari yote. Mzee alipoitwa alichovya kidole, akaonja, akasema, "Mwalimu, hii ni nzuri. Utajaza tena lini?"

Katika mtihani wa mwaka huo, mwanafunzi wake Chepkirui alitaja maadui wa matumbawe: baridi, giza, tope, maji yasiyo na chumvi, na ng'ombe. Msahihishaji akakata ng'ombe. Mwalimu alipanda basi hadi Kericho kubishana naye, akarudi na alama ya mtoto. Alikuwa na haki! Aliyeelewa kwamba kiumbe hukua au hufa kwa yale yanayokizunguka, ataelewa pia kwa nini mche wa chai hufa penye maji yaliyotuama. Mzee Johana amepanda chai yake bondeni, maji yanakotuama. Nendeni mkaione.

Mwalimu, asante. Pumzika salama kwenu Kisii, na afya isikupungukie.

Nanyi wanakamati mtakaokutana Jumatatu: mkabidhini birika Chepkirui, anayerudi Januari kutoka chuo cha ualimu kuwa mwalimu wetu. Pigeni kura kwa mikono, mbele ya watu. Mzee Johana asipige. Ng'ombe wake ni washtakiwa.