Asubuhi ya Exetat, Umwali Hakupita

Pale Nyamitaba, kwenye benchi ya Mama Joséphine-Marie muuza kahawa, bantu walikuwa wanaangalia barabara tu. Batoto ba sixième, darasa ya mwisho, walishapita na uniforme zao, wanaenda kufanya Exetat, mutihani wa kumaliza sekondari. Mulango wa centre ya mutihani unafungwa saa mbili. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika makumi mbili, na Umwali, binti ya Callixte, wa kwanza mu klasi miaka tatu, hakuonekana.

— Iko kijana amemuharibia kichwa, akasema Gazi, mwenye moto, pikipiki ya taxi.

— Umwali? Hapana! Ni algèbre, akajibu Préfet, mwalimu muzee wa pensheni. Kichwa ikijaa sana, inamwagika.

— Na yako, Préfet, ilimwagika lini? akauliza Mama Joséphine-Marie.

— Basi wameloga nyumba yao yote, Gazi akasema. Tangu bantu ya bunduki wachukue ngombe ya Callixte, mwaka na nusu, yeye analala tu, anageukia ukuta. Walitia kitu mu kisima yao.

— Ile kisima tunakunywa sisi wote, Gazi!

Pale barabarani, Umwali alikuwa anashuka polepole, amejifunga kitenge, na kikombe mukononi.

— Kahawa ya papa, Mama.

— Na Exetat? Préfet akasimama.

— Siendi, Préfet. Siwezi.

— Wewe mwenye unafundishaka benzako?

— Papa yangu njo mwenye alinifundisha kusoma, mbele ya kuanza masomo. Sasa anasemaka yeye iko bure, hata sahani anashindwa kuinua. Kama yeye ameshindwa, mimi nitaweza nini?

Préfet, mwenye miaka makumi tatu ya chaki, akakaa tena kwenye benchi.

— Sijui, mwanangu.

Mama Joséphine-Marie akamupokonya kikombe.

— Kahawa nitamupelekea mimi. Nitakaa naye mupaka urudi. Enda!

Umwali akafungua kitenge. Chini yake uniforme ilikuwa imepigwa pasi. Alipanda moto ya Gazi akilia, Gazi akatia gazi mupaka matope yakaruka. Ilibaki dakika kumi na tano.

Préfet akamufuata Mama mupaka kwa Callixte, mara yake ya kwanza tangu ngombe ziende. Callixte alikuwa amelala, uso kwa ukuta. Mama akaweka kahawa chini. Wakakaa pembeni ya kitanda.

— Umwali amefika? Callixte akauliza, bila kugeuka.

Préfet akatoka kuangalia barabara, kama moto ya Gazi inarudi.