Bi Kinuyo Hoshina na Kimono Aliyokataa Kuikata

Bi Kinuyo Hoshina ametumikia karakana yetu hapa Kiryu miaka thelathini na minne, na tarehe 31 Machi anastaafu. Nimeketi naye meza moja muda mwingi wa miaka hiyo, kwa hiyo msitarajie nimpambe.

Alianza kwa kufumua. Kimono zililetwa zimeliwa na nondo, zimemwagikiwa mchuzi harusini, naye akazifumua taratibu, akazifua, akatafuta vipande vizima vya kutengenezea pochi, vibanio vya nywele na mikoba. Baadaye akawa mkataji wetu mkuu. Hariri iliyooza aliijua kwa kuinusa. Akiimba, tulifungulia redio. Wateja walimwogopa, tajiri wetu, Bwana Segawa, naye alimwogopa, ingawa leo atakana.

Wengi mnamjua kwa mikoba yake. Mimi namjua kwa kimono ya mteja mmoja, Bi Misako.

Ilikuwa ya mikono mirefu, mama yake alimnunulia kwa sherehe ya kutimiza miaka ishirini. Wakagombana, Misako hakuivaa. Alipotujia, Misako alikuwa na miaka sitini, mama yuko nyumba ya wazee, na kila mama akitembelewa anaiulizia. Kumbe kabatini ukungu umeshaitafuna mgongoni. Misako akaja mbio tuikate pochi, mama asije akaona ilivyoharibika.

Bi Kinuyo akaigeuzageuza, akaona nyuzi nyeupe za bandi bado zipo, zile zinazotolewa siku nguo inapovaliwa mara ya kwanza. Akaisukuma kando.

"Hii haijavaliwa, dada. Siikati."

"Mgongo wote umeoza, na hii mikono ni ya wasichana. Nitachekwa."

"Utachekwa, ndiyo. Mama yako atakuona kwa mbele. Ukimgeuzia mgongo tena, shauri yako."

Bwana Segawa alinung'unika kuwa tunafukuza wateja. Bi Kinuyo hata hakumtazama. Misako akakubali, tukaenda naye sote watatu nyumba ya wazee, mimi nimebeba mkanda wa kimono. Alimvisha Misako palepale kando ya kitanda, akamwachia mama nyuzi za mikono azichomoe mwenyewe. Mama alizichomoa, akasema binti yake amechelewa lakini amependeza. Kisha akamvuta amkumbatie, na mkono wake ukafika mgongoni, kwenye ukungu. Nikafumba macho.

Mama akapapasa, akapapasa tena.

"Haya, mwanangu, ivue wakaikate," akasema. "Mimi nataka pochi ya miwani."

Bi Kinuyo aliishona pochi ile kwa mkono wake, na hakuruhusu yeyote kati yetu aiguse.

Kinuyo, mwenzangu, kwa ajili ya mama yule, na kwa wote uliowagombeza hadi wakafurahi, asante. Asante kwa vijana uliowafundisha huku ukiwafokea. Tunakuombea siku nyingi, magoti yasiyouma na wajukuu wanaosikia. Jumatatu nitaketi peke yangu, na meza ile itakuwa kubwa mno.