Placida Kemirembe na Benchi Lake la Tumbo

Tarehe 30 Juni 1996, Muuguzi Placida Kemirembe anastaafu baada ya miaka kumi na minane kwenye mapokezi ya wagonjwa wa dharura hospitalini. Wenzake wameniomba mimi mama yake niandike, nami nimekubali, maana wao wangemsifu kidogo mno. Niliishia darasa la nne, lakini mtoto wangu namjua.

Alipoanza mwaka 1978, wagonjwa walikaa ovyo, mwenye homa kamwegemea anayeharisha. Placida akapanga mabenchi matatu: la homa, la kikohozi na la tumbo. La tumbo akaliweka karibu na njia ya chooni, binti yangu ana akili. Kisha kila aliyeketi alisalimiwa kama nilivyomfundisha nyumbani, salamu ndefu: umetoka wapi, majirani wameamkaje, nani mwingine anaumwa huko. Benchi likianza kujaa watu wa kijiji kimoja, anamwita daktari palepale, majibu ya maabara yatamkuta njiani.

Sisemi hajawahi kukosea. Mara moja benchi la tumbo lilijaa watu wa Isingiro, wote wanatapika. Placida akapiga mbiu. Bwana afya Apolinary akapanda pikipiki na dawa zake za kutibu maji, akakuta harusi haijaisha na rubisi, pombe yetu ya ndizi, bado inamiminwa. Wakamkaribisha, akarudi kesho yake. Tangu hapo utani ukawa huo: "Dada Placida, leo harusi iko wapi?"

Ndiyo maana mwaka 1992 ulimtoa jasho. Alikuja mama wa Kimuli na watoto wake, kisha jirani yao, wanaharisha damu. Benchi halijafika hata nusu. Akinyamaza, kijiji kinaendelea kuugua. Akisema na ikawa harusi nyingine, nani atamsikiliza tena? Akawasalimia ile salamu yetu, akagundua wote wanachota maji chemchemi moja. Akaenda kwa Daktari Polikarpi, mganga mkuu, ambaye aliuliza kama hakuna pombe humo. Placida akamjibu, "Daktari, mmoja wao hajajua hata kutembea."

Gari la hospitali liliondoka kwenda Kimuli kabla ya chakula cha mchana. Chemchemi ikafungwa, watu wakachemsha maji, wagonjwa wakafuatwa majumbani kwao. Kimuli hawakuzika mtu. Yule mama, Mukantabana, kila mavuno ananiletea maharage mimi, si Placida, kwa kuwa ndimi niliyemzaa. Sijawahi kukataa. Daktari naye hakuuliza tena habari za harusi. Aliagiza zahanati zote zipange mabenchi.

Leo wenzake wanampa benchi la tumbo liwe kumbukumbu. Nimewaambia walisugue kwanza.

Placida mwanangu, asante kwa kazi. Jumapili wageni walipokuja kunipongeza uliwatenga wenye kikohozi upande wao, na mimi ukanihamishia huko. Sikufurahi, lakini kweli nilikuwa nakohoa. Karibu nyumbani. Ule ndizi zangu, unenepe, uzeeke taratibu, na kila asubuhi uniulize nimeamkaje.