Mzee Qiu Wenzhao, Mkalimani Ambaye Hakutoka Peke Yake

Mzee Qiu Wenzhao alizaliwa tarehe 4 Aprili 1944 katika kijiji cha Qiujiazhuang, karibu na Weifang, mkoani Shandong, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa figili, Qiu Deyou, na mkewe Song Guiying. Watu wa kwao wanasema tangu mdogo alikuwa na mdomo mtamu, yaani mama yake akinuniana na jirani, yeye ndiye anatumwa kupatanisha. Kazi ya ubalozi aliianza mapema.

Alisoma Weifang mpaka mwaka 1963, akachaguliwa kwenda Beijing kusoma lugha. Aliomba Kirusi. Bahati mbaya mwaka ule Wachina na Warusi walikuwa hawapikiki chungu kimoja, kwa hiyo akapewa Kiarabu. Alinuna, halafu akakipenda kweli kweli. Hata uzeeni alikuwa anaota kwa Kiarabu, na Bibi analala pembeni hajui anasemwa nani.

Bibi ndiye Ouyang Shuzhen, mpiga taipu wa ofisini kwao, Wizara ya Mambo ya Nje. Walioana tarehe 1 Oktoba 1971, na binti yao wa pekee, Lan, alizaliwa Februari 1973. Mwaka uliofuata Mzee Qiu alipelekwa Sanaa, mji mkuu wa Yemen, kuwa mkalimani ubalozini, na Bibi akamfuata. Watoto walikuwa hawaruhusiwi kwenda, kwa hiyo Lan akabaki kijijini kwa bibi yake. Waliporudi mwaka 1979, mtoto alimvutia baba yake kiti akamwambia, “Karibu ukae, mjomba.” Mzee Qiu alikaa. Hakumsahihisha. Alituambia alikuwa anaogopa mtoto asije akakimbia.

Huko Sanaa, na baadaye Khartoum kuanzia 1983 hadi 1988, alitafsiri mazungumzo ya barabara, ya kiwanda cha nguo, ya madaktari waliokuwa wanaletwa. Maneno “sisi hatuingilii mambo ya ndani ya wenzetu” aliyasema mara nyingi mpaka Bibi akamwambia, “Basi na jikoni kwangu usiingilie.”

Ila kulikuwa na sheria. Hakuna mtu wa ubalozi kutoka nje ya geti peke yake. Mnatoka wawili, mnarudi wawili, na kila mmoja anaandika ripoti kuhusu mwenzake. Mwenzake alikuwa Bwana Nie Guodong, karani, tena Khartoum wakapangwa pamoja vilevile. Jamani, ilikuwa balaa. Bwana Nie alikuwa anapenda kinyozi kuliko chakula, kwa hiyo kila akienda kunyoa, Mzee Qiu naye ananyolewa. Bwana Nie akiumwa tumbo, Mzee Qiu haendi sokoni. Siku moja Mzee Qiu alimwuliza, “Wewe, juzi umeniandika nini?”

“Nimeandika ulicheka sana na muuza asali.”

“Sasa hilo nalo kosa?”

“Sijui. Mimi nimeandika tu, wakubwa wataamua.”

Mzee Qiu alistaafu mwaka 2004. Lan wakati huo alishaolewa, anaishi Amman, Jordan, na mumewe, wanauza vigae. Mzee Qiu alitaka jambo moja tu maishani: akakae kwa binti yake, amlipe ile miaka ya kijijini. Lakini pasipoti yake ilikuwa imeshikwa ofisini, kwa sababu mtu aliyekaa vikaoni anajua mengi. Kila masika aliomba. Kila masika aliambiwa suala lake linaangaliwa. Akirudi nyumbani anacheka, “Jibu hili nimewatafsiria wageni miaka mingi. Maana yake nirudi nikale.” Ila chakula chenyewe alikuwa hali.

Mwaka 2016 Bwana Nie alichoka kumwona vile. Alikwenda ofisini mwenyewe, akawaambia, “Mtu huyu nimemlinda miaka kumi. Hana siri mpya, hana pa kukimbilia, na kukimbia kwenyewe hawezi. Asiporudi, nishikeni mimi.” Pasipoti ikatoka. Safari moja, mwezi mmoja.

Huko Amman, Lan aliacha duka siku mbili za kwanza akae naye, halafu akamwachia ufunguo wa nyumba. “Baba, tembea. Shuka chini, kunywa chai, ongea Kiarabu chako.” Jioni anarudi, anamkuta mlangoni, kavaa koti, kafunga viatu, kakaa kwenye kiti.

“Baba, mbona hukutoka?”

“Ningetoka na nani?”

“Hapa hakuna anayekuandika, Baba.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana miguu haijui pa kwenda.”

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Lan alilia, akafoka, mwisho akafunga duka, wakawa wanatoka wote wawili. Huo mwezi ndio alimzoea baba yake. Siku ya kurudi alimwomba abaki. Mzee Qiu alisema hawezi, Nie ndiye dhamana.

Kiharusi kilimpata Januari 2021. Bwana Nie alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kila asubuhi mpaka kwa muuza maziwa ya soya. Mzee Qiu alifariki hospitalini Beijing tarehe 9 Novemba 2023, Lan akiwa amemshika mkono. Binti alikuwa amefika siku tatu kabla.

Ameacha mke, Ouyang Shuzhen. Binti, Lan, na mumewe Tang Hongwei. Wajukuu wawili, Yiran na Zhiyuan. Na dada yake, Qiu Fengqin. Ameacha pia Bwana Nie Guodong. Tulimweka mwisho pamoja na marafiki, Bibi akakataa: “Mwandikeni na sisi. Mkimwacha nje, Mzee atasimama mlangoni hapo anamsubiri.”

Kwa hiyo Bwana Nie amekaa mstari wa mbele leo, na ameahidi haandiki chochote.

Apumzike kwa amani. Na akitaka kutoka, atoke tu.