Mayai ya Siku ya Nne

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mayai, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Mimi ndiye kitinda mimba, fundi cherehani. Nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu kaka yetu amesema hawezi kufika mwisho bila kulia. Mimi nitafika. Mimi nina hasira.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1980 na chuo kikuu 1985. Tangu utoto hakutaka kusaidiwa. Nywele alijisuka mwenyewe kwa vioo viwili, akaenda shule mistari ya kisogoni imepinda kama njia ya mbuzi. Mama akimwambia, "Njoo nikufumue," anajibu, "Wewe Mama nitazame mbele tu." Alikuwa na miaka kumi.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1994, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha chuoni. Kazi yake naieleza kama alivyonieleza mimi, baada ya kunikatia tamaa mara kadhaa. Kila seli ya kifaranga ndani ya yai ina jeni zilezile, iwe ya jicho au ya mguu. Tofauti ni zipi zimewashwa. Kuna protini inayokaa kwenye jeni na kuiwasha au kuizima, lakini bila protini wasaidizi haifui dafu. Ikishikana na msaidizi huyu, jeni inawaka. Ikishikana na yule, jeni ileile inazimika. Dada alimtafuta msaidizi mmoja tu, wa mguu wa kifaranga, kwa miaka kumi na tisa. Mguu huo huchomoza siku ya nne, na siku hiyohiyo yai lazima lifunguliwe. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyogonga meza: "Hakuna protini inayofanya kazi peke yake!" Jamani! Alisema hayo huku amejifungia maabara, funguo shingoni.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mwalimu wa hisabati, mtu mpole kupita kiasi, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016. Kila siku ya nne shemeji alikula peke yake. Hakulalamika hata mara moja, nikawa nalalamika kwa niaba yake.

Tarehe 20 Machi mwaka huu alikutwa na uvimbe kwenye utumbo. Daktari alisema ukitolewa mapema atapona. Upasuaji ukapangwa Jumanne, tarehe 18 Aprili. Akaahirisha. Ukapangwa tarehe 16 Mei. Akaahirisha. Tarehe 13 Juni ilipokaribia nikamfuata maabara.

"Jumanne mayai yangu yanafikisha siku ya nne," akasema.

"Si afungue fundi wako wa maabara?"

"Atayatoboa."

"Basi nifundishe mimi."

"Wewe? Na mikono hiyo?"

Mikono hii inashona vifungo kutwa nzima! Nilitoka nimevimba, siku tatu sikumpigia simu. Akaahirisha tena. Julai daktari akasema ugonjwa umesambaa, kisu hakisaidii tena.

Jumanne iliyopita aliingiza mayai kumi na mawili kwenye mashine ya kutotolea. Jumatano alizidiwa. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, kaka yetu, mimi, na fundi wake wa maabara ambaye kwa miaka kumi na minne hakuruhusiwa kugusa yai.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu zilichapwa Ijumaa. Jana fundi huyo alinipigia: "Mama mdogo, mayai yamefikisha siku ya nne. Niyatupe?"

"Thubutu! Nakuja."

Alinionyesha mara moja tu. Yeye akakata maganda, mimi nikatoa kwa kikoleo vijusi vyenye ukubwa wa kifungo cha shati, tukavitia kwenye dawa ya kuhifadhi. Kimoja nilikitoboa, nakiri. Kumi na kimoja vimetoka vizima, na miguu yao imeanza kuonekana. Nikatazama saa.

Dakika arobaini, Dada. Kazi yote, sisi wawili, dakika arobaini. Ungekuwa umelala hospitali unashonwa, ukaamka, ukatugombeza kwa hicho kimoja.

Mungu akupumzishe, maana mwenyewe hukujua kupumzika.