Kabureta Mbili za Len Quainton

Tok.

Wasikilizaji wapendwa, sauti hiyo ilisikika jikoni kwa Hilda Quainton, hapa Coventry, asubuhi moja ya Januari mwaka 1996, kabla hakujapambazuka. Taa hakuiwasha. Hilda alikuwa akisema macho yanapenda kudanganywa, sikio halipendi. Aliinua pistoni ya kabureta kwa kidole, akaiachia. Tok. Akajaribu kabureta ya pili. Tok. Kisha akapapasa ubavuni kwa ukucha. Alama moja ya tupa. Kwenye ile ya pili, alama mbili.

Akakaa. Chai ikapoa mbele yake.

Zilikuwa kabureta za mumewe. Alikuwa amezitafuta kwa miaka ishirini na miwili.

Leo tunamkumbuka Hilda Quainton, fundi wa kabureta, aliyetutoka mwezi uliopita akiwa na miaka themanini na sita. Wengi wenu mliwahi kumpelekea kabureta zenu ndani ya kopo la biskuti. Wengi wenu pia aliwatukana kidogo.

Hakuzaliwa fundi. Fundi alikuwa Len, mumewe, aliyefunga injini kiwandani mchana na kuitunza ya kwake jioni. Gari lake lilikuwa la michezo, viti viwili, la kijani, la mwaka 1957. Len aliziseti kabureta zake mwenyewe, akazitia alama kwa tupa: moja ya mbele, mbili za nyuma. Vijana wa mtaa walikuwa wakisema gari la Len haliungurumi, linaimba.

Len alifariki mwaka 1974 kwa maradhi ya mapafu. Wiki ya mazishi alikuja rafiki yake, Clive Rudkin, mwenye gereji.

"Shemeji," alisema, "nipe gari nikalitunze. Likikaa bila kuwashwa litaoza."

Hilda akampa. Baada ya miezi miwili gari likarudi, linang'aa. Akaliwasha. Likakohoa. Akafungua boneti. Kabureta zilikuwa mbili, kwa nje zinafanana na zile za Len kama mapacha. Lakini hazikuwa na alama ya tupa hata moja.

Akaenda gerejini. Rudkin alimjibu mbele ya wanaume saba, kikombe mkononi.

"Shemeji, kabureta si sufuria. Gari la Len lilikuwa hivyo hivyo siku zote. Tulikuwa tunamsifu ili asijisikie vibaya."

Wanaume wakacheka. Polisi wakamwambia ni neno lake dhidi ya neno la Rudkin. Na Rudkin, kwa gari lake mwenyewe la aina ile ile, akaanza kushinda vikombe kwenye maonyesho ya magari kila kiangazi.

"Mama angeweza kusamehe wizi," anatuambia binti yake, Glenys. "Kile kicheko, hapana. Walimfanya baba mwongo akiwa kaburini."

Hilda akajiandikisha masomo ya jioni ya ufundi. Mwanamke peke yake. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja akamwambia, "Mama, mapishi ni mlango unaofuata."

"Nimepita hapo," akajibu. "Wamesema wanakusubiri."

Mwalimu wake alimfundisha kazi ya kipande cha bomba la mpira. Ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta. Unasikiliza hewa ikivutwa. Unahamia ya pili. Unakaza, unalegeza, mpaka mvumo wa zote mbili uwe mmoja. Ndani ya miaka mitano hapakuwa na sikio kama lake mjini. Jumapili alizunguka minada ya vyuma vikuukuu, akikusanya vya asili vya gari lile: usukani, taa ya kushoto, saa ya mwendo, mpaka kifuniko cha tangi. Kila kitu alikipata. Kabureta tu hakuzipata.

Halafu, Januari ile, mkwe wa Rudkin akabisha hodi na kopo. Fundi aliyekuwa akimsetia mzee alikuwa amestaafu, na mzee mwenyewe hakuwahi kuchafua kucha, wala kuziona alama za tupa.

"Mama, kuna mzee anaomba umsetie hizi. Hataki kutajwa."

"Kwa nini? Ana deni au ana aibu?"

"Ana kiburi tu, mama."

"Hicho mimi sikiseti."

Wasikilizaji wapendwa, Hilda hakupiga kelele. Alizing'oa zile kabureta ngeni alizoachiwa na Rudkin kwenye gari lake. Akazisugua mpaka unaweza kujiona sura. Akaziseti kwa uaminifu, akazitia ndani ya kopo lile lile. Kibati chenye namba ya aina ya kabureta alikiacha pale pale, msomaji yeyote akisome. Mkwe akazifunga. Rudkin akatazama mng'aro, akaridhika.

Mwezi Juni, uwanja wa maonyesho ulijaa. Sheria ilikuwa moja: kila kitu kiwe cha asili. Mwamuzi akainama na miwani yake, akasoma kibati.

"Bwana Rudkin, namba hizi ni za kabureta za gari la kawaida la kubebea familia, si la michezo."

Rudkin akageuka. Hilda alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, kwenye kiti cha kukunja, na chupa ya chai.

"Umenibadilishia!"

"Nimekubadilishia nini, Clive? Waeleze watu. Zako zilikuwa na alama gani, na ulizitoa wapi?"

Wanaume walewale waliocheka gerejini walikuwepo. Wakangoja jibu. Mla cha mwenzie na chake huliwa, lakini hawezi kulia kwa sauti. Hilda akainuka, akaingia kwenye gari la Len, akaliwasha. Likaimba.

Hakutosheka. Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa nne asubuhi, alipita mbele ya nyumba ya Rudkin kwa gia ya pili, polepole. Rudkin alifunga mapazia. Rudkin alifariki. Hilda akaendelea kupita, kitukuu chake Tamsin akiwa kiti cha pembeni.

"Msimpambe," Glenys alituonya. "Mama hakusamehe."

Hatumpambi. Tunatoa pole kwa Glenys, kwa Tamsin, kwa ukoo wote wa Quainton. Nanyi mnaosikiliza, kama bandani kwako kuna kitu cha mjane, kirudishe leo. Na kama wewe ndiye uliyeibiwa, jiulize utapita mbele ya mlango ule mpaka lini.

Siku ya mazishi Glenys aliendesha gari la Len nyuma ya gari la jeneza. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Rudkin, ambayo sasa inakaa watu wengine. Baiskeli ya mtoto ilikuwa imelala kwenye majani. Glenys alikuwa ameamua kupita haraka, mambo yaishe. Akaingiza gia ya tatu.

Tamsin, miaka sita, akamshika mkono.

"Bibi, hapa huwa tunapunguza mwendo."